Kioo cha Nyuma Si Kioo Tu

Mwanafunzi wa Kiswahili nchini humu hufunzwa mapema kwamba kioo ni nomino ya ngeli ya KI-VI, kwamba wingi wake ni vioo, na kwamba maana yake ni ama kitu cha kujitazamia ama kitu kiangavu kitiwacho dirishani. Akishayashika hayo hupewa alama zake, na somo likasonga mbele. Nje ya darasa, hata hivyo, neno hilo moja limetwikwa mzigo mzito mno. Cha kujitazamia ni kioo, cha dirisha la jikoni ni kioo, cha simu ya mkononi ni kioo, cha mbele ya gari ni kioo, na cha nyuma ya gari nacho ni kioo. Katika orodha hiyo ni viwili vya mwisho, pamoja na kile cha jikoni, ambavyo vinanishughulisha leo, kwa kuwa kuvichanganya kunaweza kumtoa mtu jicho.

Wapo watakaouliza mwalimu wa isimu ameingiaje katika mambo ya gereji. Jawabu ni fupi. Miezi kadhaa iliyopita niliegesha gari langu dogo kando ya uwanja ambapo kibarua alikuwa akikata nyasi kwa mashine. Jiwe lilirushwa na mashine likakipiga kioo cha nyuma. Nilipotoka katika mhadhara sikukuta ufa wala tundu; kioo chenyewe hakikuwapo. Palikuwa na fremu tupu, na ndani ya gari, juu ya viti, chini ya viti, katikati ya karatasi za mtihani nilizokuwa bado kusahihisha, kulikuwa na maelfu ya punje zilizong'aa mfano wa chumvi ya mawe.

Kibarua alinieleza kwa adabu, "Mwalimu, kioo kimevunjika." Hakusema kimevunjwa. Sikumlaumu, maana kauli ya kutendeka imewekwa katika lugha yetu kwa hali kama hiyo hasa, ambapo tendo li wazi na mtendaji hana haja ya kutajwa. (Afisa wa bima niliyezungumza naye baadaye alitaka kujua ni nani aliyekivunja, nami nikatambua kwamba fomu za bima hazipendi kauli ya kutendeka.) Lakini fundi wa vioo niliyempelekea gari hakukitumia kitenzi hicho hata mara moja. Alilizunguka gari, akachungulia ndani, akasema, "Ah, hiki kimemwagika."

Nilimwomba arudie. Akarudia, kisha akanifafanulia kama anavyomfafanulia mteja yeyote asiyejua: "Cha mbele hupasuka, mzee. Cha nyuma humwagika."

Kwa miaka zaidi ya ishirini nimefundisha vitenzi vya Kiswahili, na ninakiri kwamba sijawahi kukutana na sentensi inayotofautisha vitu viwili kwa maneno machache namna ile. Kumwagika ni kitenzi cha maji, mchele, unga na mchanga, vitu ambavyo havina umbo la kushikilia. Kukitumia kwa kioo ni kusema kwamba kioo hicho kikishindwa, hakibaki kioo. Kupasuka, kwa upande wake, ni kuingia ufa, na kitu kilichoingia ufa bado kipo. Tofauti aliyoitaja fundi si ya maneno tu. Ni tofauti ya vitu vyenyewe.

Kioo cha mbele cha gari ni mabamba mawili membamba yaliyogandamanishwa, na katikati yake umo utando mwangavu wa plastiki. Jiwe likikipiga kitaingia ufa, na ufa utatambaa siku baada ya siku, lakini vipande havitabanduka kwa sababu utando ule umevishika. Mkemia Mfaransa aitwaye Édouard Bénédictus alisajili uvumbuzi wa kioo cha namna hiyo mwaka 1909. Kioo cha nyuma katika magari mengi tuyaendeshayo ni bamba moja tu, halina utando wowote. Nguvu yake imetokana na moto. Bamba hukatwa kwanza kwa umbo na ukubwa utakaotumika, hutobolewa tundu la waipa ikiwa lahitajika, hupashwa joto hadi kupita nyuzi 600 za Selsiasi, kisha hupulizwa ghafla kwa upepo baridi pande zote mbili. Ngozi ya nje huganda kwanza. Sehemu ya ndani, ambayo ingali moto, huendelea kupoa na kusinyaa, nayo katika kusinyaa huivuta ngozi iliyokwisha kuganda. Matokeo ni bamba lenye ugomvi ndani yake: nje limebanwa, ndani limevutwa. Maadamu ngozi imebanwa, ufa haupati pa kuanzia, na ndiyo sababu kioo hiki huhimili pigo ambalo lingelivunja bamba la kawaida la unene ule ule. Lakini pigo likiipenya ngozi hata kufika ndani, ugomvi wote hufunguka kwa mkupuo mmoja, na bamba zima likawa punje.

Mfaransa mwingine, de la Bastie, ndiye aliyepata hati ya njia ya kukitia kioo ugumu huo mwaka 1874, yeye akitumia mafuta badala ya upepo. Na karne mbili kabla yake wasomi wa London walikuwa wakishangazwa na machozi ya kioo: tone la kioo kilichoyeyuka likidondoshwa majini huganda likawa na kichwa na mkia; kichwa huhimili pigo la nyundo, ilhali mkia ukivunjwa kidogo tu, tone lote hugeuka vumbi.

Fundi wangu hakuwa na habari za Wafaransa wala za machozi ya London. Nilipomuuliza kwa nini kioo kizima humwagika kwa sababu ya jiwe moja, alijibu, "Kimefungiwa hasira ndani." Akaendelea kupangusa fremu. Mwalimu wa fizikia atakayelitaka neno la kitaalamu, mkazo, ana haki ya kulitaka. Lakini atakayeanza na hasira atakuwa ameeleweka na darasa zima kabla ya kufika kwenye mkazo.

Sasa nifike penye hatari niliyoitaja. Kwa kuwa bamba la aina hii lina hasira, halikatiki. Ukijaribu kulipunguza kwa almasi au kulitoboa baada ya kuokwa, litamwagika mikononi mwako. Kwa hiyo hakuna fundi awezaye kukuchongea kioo halisi cha nyuma kutoka kwa bamba kubwa. Sharti kitafutwe kilichotengenezwa kwa ajili ya gari lile lile, na mara nyingi kwa toleo lile lile la miaka. Gari langu ni la aina ambayo kwa Kiingereza ina jina tunalolitamka hachibaki: gari fupi lisilo na buti iliyojitenga, ambalo mlango wake wa nyuma hufunguka kwenda juu pamoja na kioo chake. Barabara zetu zimejaa magari ya jamii hiyo, Vitz, Demio, Fit, March na ndugu zao, mengi yao yakiwa yametumika Japani kabla ya kutufikia, kwani taratibu zetu huruhusu gari lisilozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Vioo vyake vya nyuma vinafanana machoni na havifanani katika fremu.

Nilikwenda kukitafuta katika barabara ya Kirinyaga, Nairobi, ambayo wenye gereji na wenye magari wangali wanaiita Grogan, kwa jina la yule mlowezi, ingawa kibao cha barabara kilibadilishwa zamani. Muuzaji wa kwanza hakuwa nacho. Wa pili alikuwa nacho cha toleo jingine. Wa tatu, kijana mchangamfu, alinipa rai: kipimo kichukuliwe, bamba likatwe, "kioo ni kioo, mzee," na bei itakuwa chini ya nusu. Nilimpigia fundi simu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hicho ni cha dirisha la nyumba. Kikivunjika kinakuwa visu. Mzee, una watoto?"

Yule kijana hakusema uongo. Hili ndilo linalonisumbua. Alichotaka kuniuzia kilikuwa kioo, kwa mujibu wa kila kamusi ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifungua. Angenishtaki mbele ya baraza lolote la lugha ningeshindwa. Na katika hachibaki hapana buti ya kutenganisha abiria na kioo. Kisogo cha mtoto aliyeketi kiti cha nyuma ki karibu mno na bamba hilo. Bamba la dirisha la nyumba likivunjika hutoa vipande virefu vyenye ncha. Bamba lililookwa hutoa punje butu ambazo hukwaruza, na kwa nadra hukata sana. Tofauti hiyo haina jina la kawaida katika Kiswahili cha vitabu, na kitu kisicho na jina hakiandikwi kwenye risiti. Mteja aliyeuziwa bamba la nyumba hana hata neno la kulalamikia.

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba mteja mwerevu atatazama muhuri. Ni kweli, na ningependa kila mwalimu awaonyeshe wanafunzi wake muhuri huo katika egesho la shule. Kwenye kona ya kioo cha gari huwa kumechapishwa alama ndogo zisizofutika. Katika vioo vingi utaiona herufi E ndani ya duara ikifuatwa na tarakimu ya nchi iliyotoa kibali, na karibu yake 43R, inayorejelea Kanuni nambari 43 ya Umoja wa Mataifa kuhusu vioo vya usalama vya magari. Vingi huandikwa pia, kwa Kiingereza, kama ni vya kuokwa au vya tabaka. Bamba lisilo na alama yoyote ni la kutiliwa shaka. Lakini tazama lugha ya muhuri wenyewe: usalama wa mtoto umeandikwa kwa herufi ambazo baba yake akizisoma hana neno la kuzitafsiria.

Kuna alama nyingine ambayo Wakenya tunaijua vyema, nayo ni namba ya usajili inayochongwa kwenye vioo ili kuwavunja moyo wezi. Kioo kilichotumika kikiwa na namba ya gari jingine, au kikiwa na mahali palipokwanguliwa, muulize muuzaji kimetoka wapi. Jibu lake likiwa refu sana, ondoka.

Niliishia kupata kioo kilichotolewa katika gari lililokatwakatwa Japani. Katika biashara hii kioo hicho huitwa orijino, ingawa kimetumika, ilhali kipya kabisa kilichotoka kiwanda kingine hakipewi jina hilo. Wanafunzi wa semantiki wana la kujadili hapo: orijino haina maana ya upya, ina maana ya nasaba.

Kazi yenyewe ilichukua nusu siku, na sehemu kubwa ya muda huo haikuwa ya kubandika kioo. Ilikuwa ya kuokota. Punje zilikuwa zimeingia ndani ya mlango wa nyuma kupitia kila upenyo. Ubao wa ndani ulifunguliwa, mashine ya kufyonza vumbi ikapitishwa, mlango ukatikiswa, mashine ikapitishwa tena. Fundi aliniambia kwamba wateja wengi hurudi baada ya wiki wakilalamika juu ya sauti ya kayamba mlangoni. Kisha ziliondolewa taa ya breki ya juu, mkono wa waipa, na waya za umeme wa kioo. Ile gundi ya zamani iliyobaki kwenye fremu haikukwanguliwa yote hadi kwenye bati, kama nilivyodhani ingefanywa. Ilinyolewa kwa kisu kikali, ukaachwa utando wa milimita moja au mbili, kwa sababu gundi mpya hushika zaidi juu ya gundi ya zamani iliyo safi kuliko juu ya bati. Palipokwaruzwa hadi chuma kuonekana palipakwa praima, maana kutu ikianza chini ya gundi huinua kioo polepole mpaka maji ya mvua yakapata njia.

Kioo kiliwekwa kwanza kikavu, bila gundi, kikasawazishwa, na alama zikatiwa kwa utepe kuanzia kwenye kioo hadi kwenye bati ili kirudi pale pale. Kikaondolewa, ukingo ukasafishwa na kupakwa praima, ndipo gundi nyeusi ya yurethini ikamiminwa kuzunguka fremu kwa bunduki yake, uzi mmoja mnene usiokatika wenye mgongo wa pembetatu. Watu wawili wakakibeba, wakakishusha, wakakibonyeza taratibu. Wakakifunga kwa utepe kisiteremke.

Hapo nilijifunza kitenzi kingine. Nilimuuliza fundi gundi itakauka lini. "Haikauki," alinijibu. "Inaiva." Nilipochunguza baadaye niliona kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Rangi ya maji hukauka kwa kupoteza maji. Gundi hii hufanya kinyume, kwani huvuta unyevu ulio hewani ukaigeuza kuwa kama raba. Kwa sababu hiyo huiva upesi katika joto na unyevu wa Mombasa kuliko Nairobi siku ya baridi mwezi wa Julai, na kuianika kama nguo hakusaidii kama mtu anavyotarajia. Kuiva ni kitenzi cha embe na cha wali, yaani cha kitu kinachobadilika ndani kwa wakati wake na kisichorudi kuwa kibichi. Huwezi kukipata kitenzi kinachofaa zaidi hata ukiita kamati.

Nilipewa masharti mawili. La kwanza, gari lisioshwe hadi siku ya pili. La pili, dirisha moja liachwe wazi kiasi cha kidole. Katika gari fupi lililofungwa kote, mlango ukibamizwa hewa ya ndani hukosa pa kwenda ikakisukuma kioo ambacho gundi yake haijaiva. Katika hachibaki jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu kioo hakikukaa kwenye mwili wa gari. Kimekaa kwenye mlango ambao wenyewe hunyanyuliwa na kubamizwa mara nyingi kwa siku.

Ikabaki ile mistari myembamba inayopita kioo kutoka upande hadi upande, ambayo abiria wengi hudhani ni pambo. Ni njia za umeme, zilizochapwa kwa ungaunga wa fedha na kuokwa pamoja na kioo. Umeme ukipita hupata joto, na ukungu ukayeyuka. Fundi aliunga waya zake mbili, akawasha, akakipumulia kioo kwa kinywa ukungu ukashika, kisha sote tukatazama. Ukungu ulitoweka kwenye kila mstari isipokuwa mmoja. Kijana anayejifunza kwake, ambaye hadi hapo hakuwa amesema neno, alionyesha kwa kidole. "Huo umekatika. Ingine inaendelea kwa sababu kila moja inajitegemea, zote zimeshika hapa na hapa." Akagusa pembe mbili za kioo. Kisha akautafuta ule mkato, akaupaka dawa yenye chembe za fedha kwa brashi ndogo kama ya kucha.

Nilimuuliza kama aliwahi kusoma fizikia. Alisoma, akapata alama ambayo hakupenda kuitaja. Alichokieleza pale, mikinzo iliyounganishwa sambamba, ni swali ambalo huulizwa katika mitihani yetu kwa Kiingereza kila uchao, na siamini kwamba alishindwa nalo kwa kutolijua. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini katika maabara za shule Kiswahili kingali mgeni anayesimama mlangoni, na kijana huyu alitakiwa kusimama naye huko nje.

Wenzangu wa idara, nilipowasimulia haya, waligawanyika. Mmoja alinikumbusha kwamba lugha ya gereji ni mchafukoge, kwamba kijana wangu alisema "ingine" pale alipopaswa kusema "mingine", na kwamba hatuwezi kujenga istilahi juu ya msingi wa Sheng. Namheshimu, lakini hoja yake imepotea njia. Upatanisho wa ngeli ni jambo moja, na kuviona vitu jinsi vilivyo ni jambo jingine. La kwanza twaweza kumfunza kijana kwa muhula mmoja. La pili yeye ndiye mwenye kutufunza. Na hii si mara ya kwanza kwa barabara kuipa ofisi maneno. Jina jua kali lilianza kwa watu waliofua mabati bila paa juu yao. Mwaka 1992 serikali ilitoa waraka wa sera juu ya biashara ndogondogo, na waraka huo, ulioandikwa kwa Kiingereza, uliyabeba maneno jua kali katika kichwa chake bila kuyatafsiri.

Hata hivyo sitaki kudai kwamba kila kisemwacho gereji ni dhahabu. Kile kioo cha mbele fundi wangu hukiita cha nailoni, kwa ajili ya ule utando. Utando huo si nailoni. Ni plastiki ya aina nyingine. Ningependelea kukiita kioo cha tabaka, jina ambalo halimdanganyi mwanafunzi wa kemia. Tena, wapo mafundi wanaoita vioo vyote viwili skrini, na hao wametuongezea tatizo lile lile la kioo kwa sauti mpya. Kuhusu kile cha nyuma, nimewahi kuketi katika vikao ambamo jina lingependekezwa kwa kutafsiri Kiingereza neno kwa neno, tukapata kitu kama "kioo kilichotiwa ugumu". Jina hilo si kosa, ila linaficha jambo la maana zaidi. Mteja anayesikia ugumu hudhani kwamba ameuziwa kitu kisichovunjika. Anayesikia kioo cha kumwagika anajua kitakachotokea siku kikishindwa, na akiambiwa na muuzaji kwamba bamba lake litakatwa kwa kipimo, atauliza, "Lakini hicho kinamwagika au ni cha nyumba?" Swali hilo moja lingeokoa ngozi nyingi.

Walimu wanaosoma ukurasa huu wana magereji karibu na shule zao kuliko nilivyo na kamati karibu nami. Kazi ya fasihi simulizi huwatuma wanafunzi kwa wazee wakusanye methali na vitendawili, na ni kazi njema. Sioni sababu ya kutowatuma kwa fundi wa vioo, wa breki au wa redieta wakiwa na daftari lile lile, waandike si majina peke yake bali vitenzi, maana katika vitenzi ndimo mafundi walimoweka elimu yao: kumwagika, kuiva, kushika, kukohoa, kula mafuta. Wasiwasahihishe wanapozungumza.

Lipo jambo moja ambalo lilitushinda sote siku ile. Ukikitazama kioo cha nyuma, au cha mbele, utaona ukingo mweusi ulioizunguka pembezoni yote, na mahali weusi unapokwisha umemalizikia kwa vitone vinavyozidi kuwa vidogo mpaka vikapotea. Ni rangi ya kauri iliyookwa na kioo. Kazi yake ni kuikinga gundi dhidi ya jua, kwa kuwa miale ya jua huidhoofisha, na kuipa gundi mahali pa kushika. Fundi alisema ni urembo. Mimi sikuwa na jina la kupendekeza. Kijana alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba ni kivuli cha gundi. Nimeliandika hilo kwa penseli. Kama kuna mwalimu huko Kisumu, Nakuru au Malindi ambaye fundi wake ana jina jingine, na aniandikie kupitia kwa mhariri.